Mtoto Aliyekaa Kitako Tumboni

Mara nyingi katika vijiji vyetu mama mjamzito hurudi kutoka zahanati na neno moja tu: "Wameniambia mtoto amekaa kitako." Waliomo nyumbani hulisikia neno hilo kila mtu kwa namna yake. Bibi husema, "Atageuka mwenyewe." Jirani hunong'ona, "Hiyo ni nuksi." Mume hunyamaza, maana hajui la kusema. Basi siku hupita, mimba hukua, wala hakuna shauri lililokatwa, hata usiku mmoja chupa ikapasuka.

Twaandika somo hili kwa ajili ya nyumba hiyo. Sisi tuandikao si waganga wala wakunga, kazi yetu ni kalamu. Lakini mambo haya yametoka kwa wenye elimu ya uzazi, nayo yafaa yajulikane na kila mzee wa kijiji, kila mwalimu, na kila ajuaye kusoma, ili awasomee wasiojua.

1. JINSI MTOTO ANAVYOLALA

Mtoto hukaa katika mji wa mimba akielea ndani ya maji. Miezi ya kwanza ana nafasi tele, naye hujigeuza apendavyo, leo kichwa juu, kesho kichwa chini. Mimba ifikapo wiki 28, watoto kama 20 hadi 25 katika kila 100 huwa wamekaa, yaani kichwa kiko juu na makalio yako chini. Baadaye nafasi hupungua, na walio wengi hugeuka wenyewe wakatanguliza kichwa. Mimba ikiisha kukomaa, waliobaki wamekaa ni 3 au 4 tu katika 100.

Kwa hiyo bibi asemaye, "Atageuka mwenyewe," hakosi ikiwa mimba ni ya miezi saba. Lakini ikiwa umebaki mwezi mmoja, neno lile lile laweza kuleta msiba.

Kukaa huku kuna namna tatu. Wa kwanza amenyosha miguu yake juu mpaka nyayo ziko karibu na uso, na makalio peke yake yako mlangoni. Hawa ndio wengi. Wa pili amekunja magoti kama mtu aliyekaa mkekani. Wa tatu ametanguliza mguu mmoja au yote miwili. Naye ndiye mwenye hatari zaidi, kama tutakavyoeleza.

Labda mtu atauliza, "Sababu yake nini?" Pengine mimba haijatimiza miezi yake, pengine ni pacha, pengine maji ni mengi mno au machache mno, pengine kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia, au mji wa mimba una uvimbe, au umbo lake si la kawaida. Lakini mara nyingi hapana sababu ionekanayo. Si kosa la mama, wala si kwa kuwa alibeba kuni au alilala vibaya. Zamani, katika baadhi ya makabila, mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu alihesabiwa kuwa kigego, mtoto wa kuleta balaa. Yatupasa kuliacha neno hili kabisa. Huyu ni mtoto kama wenziwe. Njia yake ya kutokea tu ndiyo iliyo tofauti.

2. JINSI YA KUMTAMBUA

Mkunga aliyefundishwa humtambua kwa mikono yake. Kichwa ni kigumu, cha mviringo, nacho huchezacheza kikisukumwa. Makalio ni mapana na laini zaidi. Mpango wa kupapasa tumbo kwa hatua nne ulielezwa vizuri na mganga Mjerumani, Christian Gerhard Leopold, katika karne ya 19, na hata leo wakunga hujifunza kwa jina lake. Tena mapigo ya moyo wa mtoto aliyekaa mara nyingi husikika juu ya kitovu cha mama, badala ya chini yake. Mama mwenyewe huweza kuhisi kitu kigumu chini ya mbavu, na mateke chini kabisa. Lakini mikono hukosea pengine. Kwa hiyo mama mwenye shaka hupelekwa kupigwa picha ya tumbo, nayo huonyesha kila kitu wazi.

Basi neno kubwa la sehemu hii ni hili: mama ahudhurie kliniki mwezi wa mwisho, hasa katika wiki ya 36, hata akijiona mzima kabisa. Wengi huenda mapema wakapata kadi, kisha huacha. Wiki ya 36 ndiyo wakati ambao jambo hili hujulikana ikiwa bado kuna nafasi ya kulitengeneza.

3. HATARI NI NINI?

Kichwa ndicho kiungo kikubwa cha mtoto. Kikitangulia, hufungua njia polepole kwa saa nyingi, na mwili hufuata bila taabu. Mtoto aliyekaa hutoka kinyume: makalio na mwili hupita kwanza, na kichwa huja mwisho, wakati ambapo kamba ya kitovu imebanwa na muda ni mfupi. Na akitanguliza miguu, mlango haukuzibwa sawasawa. Kamba ya kitovu yaweza kuteleza ikatoka mbele yake, ikabanwa, na mtoto akakosa hewa.

Hatari nyingine yatoka mikononi mwa watu. Mtu aonaye miguu imetoka hutaka kuvuta. Akivuta, mikono ya mtoto hupanda juu ya kichwa, na kidevu huinuka badala ya kukaa kifuani. Ndipo kichwa hukwama. Watoto wengi waliokufa hivi hawakuuawa na kukaa kwao, bali na haraka ya waliotaka kuwaokoa.

4. NJIA TATU

Mama ambaye mtoto wake angali amekaa mimba ikikomaa ana njia tatu, naye ana haki ya kuelezwa zote.

Njia ya kwanza ni kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo. Kazi hii hufanywa hospitalini, tangu wiki ya 36 kwa mwenye mimba ya kwanza, na wiki ya 37 kwa aliyekwisha kuzaa. Kwanza hutazamwa kwa picha, na moyo wa mtoto husikilizwa. Pengine mama hupewa dawa ya kulegeza mji wa mimba. Kisha mganga humsukuma mtoto taratibu ajipindue. Moyo husikilizwa tena baadaye. Mama ambaye damu yake ni ya Rhesus hasi huhitaji sindano maalumu. Kwa jumla kazi hii hufaulu mara 50 hivi katika 100, na zaidi kwa waliokwisha kuzaa. Ni mama mmoja tu hivi katika 200 ambaye hulazimika kupasuliwa upesi kwa sababu yake; ndiyo maana haifanywi mbali na chumba cha upasuaji. Haifanywi kwa mwenye kondo lililoziba njia, wala aliyetokwa na damu karibuni, wala aliyevunja chupa. Si kila hospitali ina mtu wa kuifanya, kwa hiyo mama aulize mapema.

Mtu asidhani ya kuwa kazi hii ni sawa na kuchuliwa tumbo nyumbani. Achuaye nyumbani hajui kondo liko wapi, wala hausikii moyo wa mtoto. Akitumia nguvu aweza kulibandua kondo, na damu ikamwagika ndani.

Njia ya pili ni kupasuliwa kwa siku iliyopangwa, kwa kawaida tangu wiki ya 39. Mwaka 2000 ulitolewa utafiti mkubwa ulioongozwa na Mary Hannah wa Toronto, wa mama 2,088 katika nchi 26. Katika wale waliopangiwa kupasuliwa, watoto waliokufa au kuumia sana walikuwa 1.6 katika 100; katika wale waliopangiwa kuzaa kwa njia ya kawaida walikuwa 5. Tangu hapo hospitali nyingi za dunia zilishika upasuaji. Lakini katika nchi ambazo vifo vya watoto wachanga ni vingi, tofauti ilikuwa ndogo zaidi. Na watoto walipofuatwa hadi miaka miwili, makundi mawili yalikuwa karibu sawa.

Tena kisu kina gharama yake kwa mama. Utafiti wa hospitali za nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha ya kuwa katika kila mama 1,000 waliopasuliwa wakati wa kuzaa, 5 hivi walifariki. Wengi katika waliopasuliwa walifanyiwa hivyo kwa dharura. Na kovu hubaki: katika mimba ifuatayo laweza kupasuka, au kondo likashikana nalo. Basi mama aliyepasuliwa asizae tena nyumbani.

Njia ya tatu ni kuzaa kwa njia ya kawaida, hospitalini, mbele ya mkunga au mganga aliyezoea kazi hii. Ufundi huu si wa juzi: Mfaransa François Mauriceau aliandika juu ya kukitoa kichwa kijacho mwisho katika karne ya 17, na Jørgen Løvset wa Norway alieleza namna ya kuishusha mikono ya mtoto iliyopanda. Msingi wake ni mmoja: ngoja, tazama, usivute. Hufaa zaidi kwa mtoto asiye mkubwa mno wala mdogo mno, asiyetanguliza miguu, ambaye kichwa chake hakikupindika nyuma, na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Maana hata waliopangiwa njia hii, 40 hivi katika 100 huishia kupasuliwa.

Chuo cha wakunga-waganga cha Uingereza kilitoa hesabu mwaka 2017: katika watoto 10,000 waliokomaa, wanaokufa karibu na kuzaliwa ni 5 hivi kama mtoto aliyekaa atatolewa kwa upasuaji uliopangwa, 20 kama atazaliwa kwa njia ya kawaida, na 10 kama ametanguliza kichwa. Hesabu hizo ni za hospitali zenye vifaa vyote. Lakini zaonyesha ya kwamba njia zote tatu zina salama yake. Isiyo na salama ni ya nne, yaani kukaa nyumbani bila shauri.

5. KAZI YA NYUMBA NA KIJIJI

Twamkumbuka mama mmoja wa jirani. Muuguzi aliandika katika kadi yake ya kwamba mtoto amekaa, aende hospitali ya wilaya. Kadi ikawekwa sandukuni. Mume alikuwa safarini, na wazee walisema wamngoje, maana hapana wa kutoa ruhusa wala nauli. Chupa ilipasuka usiku wa manane, baiskeli ikatafutwa, kisha gari, akafika adhuhuri. Mama alipona. Mtoto hakupona. Mume aliporudi aliisoma kadi, akauliza, "Mbona hakuna aliyenisomea hii?"

Swali hilo ni letu sote. Kadi ikiandikwa neno hili, na isomwe siku ile ile mbele ya mume na wazee. Ruhusa itolewe kabla ya safari, ili asiwepo wa kungojwa. Fedha ziwekwe kando, na mwenye gari au pikipiki aambiwe mapema. Watafutwe ndugu wawili ambao damu yao yaweza kumfaa. Na kama hospitali iko mbali, mama aende akae karibu nayo wiki mbili au tatu kabla, kwa jamaa au katika nyumba ya kungojea wajawazito ikiwapo. Mzee wa kijiji aweza kuyasimamia haya, na mwalimu aweza kuwasomea watu kadi zao.

6. UCHUNGU UKIWAKUTA NJIANI

Chupa ikipasuka, safari ianze pale pale hata kama hakuna uchungu. Dawa za miti za kuharakisha uchungu zisinywewe asilani. Kamba ya kitovu ikionekana nje, mama apige magoti, kifua chini na makalio juu. Kamba isishikweshikwe wala kurudishwa, na mwendo uzidishwe. Na kama mtoto ameanza kutoka wala hakuna msaada: msimvute, wala msikande tumbo. Mama asukume uchungu ujapo. Mwili wa mtoto uachwe ushuke wenyewe, mgongo wake ukielekea tumboni kwa mama, na umfunike kwa nguo kavu yenye joto. Aliye karibu aandae mikono ya kumpokea, si ya kumtoa.

Mtoto akiisha kuzaliwa, kwa njia yo yote, mganga ampime nyonga, na ampime tena akifika wiki sita hivi, maana waliokaa tumboni huwa na nyonga legevu kuliko wengine. Miguu yake ikibaki imeinuka siku chache, msiogope, itashuka.

Basi wasomaji wetu, mtoto aliyekaa kitako ametoa habari yake mapema, mwezi mzima kabla ya siku yake. Wajibu wetu ni kuisikia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini wiki ya 36 ni ya maana kuliko wiki ya 28?
2. Taja njia tatu, na jambo moja la kuangaliwa katika kila moja.
3. Kwa nini mtoto atokaye kwa miguu asivutwe?
4. Katika kijiji chako, ni nani atakayeisoma kadi, na ni nani mwenye gari?