Kiima Kimejificha Wapi?

Ukipewa sentensi ya Kiingereza, anza kwa kukata kirai kihusishi. Kirai hiki huanza na kihusishi kama vile of, in, on, with au under, na huishia kwenye nomino au kiwakilishi chake. Ndani yake humo usitafute kiima.

Tazama: The basket of mangoes ___ fallen. Ni has au have? Wengi huandika have, kwa sababu mangoes imekaa jirani na kitenzi. Futa of mangoes, usome kilichobaki: The basket has fallen. Kwa Kiswahili hukosei hata kidogo. Unasema "kikapu cha maembe kimeanguka", husemi "yameanguka".

Mara nyingine kirai hutangulia: Under the table are two cats. Jiulize, ni nani walio chini ya meza? Two cats. Ndiyo maana kitenzi ni are, si is.

Most, some na all zina utundu wake. Kiima ni most, ila nomino iliyo ndani ya kirai ndiyo huamua umoja au wingi: Most of the water is dirty, lakini Most of the students are present. Hili wanafunzi wangu hulibishia kila mwaka. Likariri tu.

Jaribu: The colour of the walls in these rooms ___ changed. Kata virai vyote viwili. Umebaki na The colour, basi jibu ni has.