Wanyama Wadogo wa Ziwa Kivu

Ukingoni mwa Ziwa Kivu, mjini Goma, mchanga ni mweusi, kwa sababu umetokana na mawe ya volkano. Asubuhi watoto huteremka na bidoni zao kuchota maji. Huukanyaga mchanga ule na tope lake, wakidhani hamna kitu ndani. Kumbe Mungu ameujaza uhai!

Mtu akitwaa konzi moja ya tope na kuitazama kwa hadubini, ataona wanyama tele. Wengi ni minyoo myembamba kama uzi, ambayo mwanga hupenya mwilini mwake. Urefu wa mingi haufiki hata milimeta moja. Ni ya jamii moja na mchango wa tumboni, lakini hiyo hukaa topeni tu wala haimtafuti mtu. Wengine wana magamba mawili yanayofunga na kufunguka, kama ganda la haragwe.

Chakula chao ni majani yaliyooza, mwani na bakteria. Wao nao huliwa na samaki wadogo wa ukingoni. Sambaza, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, hawachimbi tope: wao hula wadudu wadogo wanaoelea majini.

Je, tope la kilindini lina wanyama vilevile? La, hata mmoja. Kina cha Kivu chafika meta 485 hivi, lakini chini ya meta 60 au 70 hamna oksijeni, na karibu wanyama wote hawawezi kuishi pasipo hiyo. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi na gesi, kwa hiyo hayapandi juu kuvuta hewa. Gesi moja iliyomo ni ileile ya mazuku, inayoua mbuzi na watu mabondeni karibu na Goma. Bakteria na vijidudu vingine kama hao ndio wanaostahimili huko.

Basi, ziwa ni kubwa, lakini makao ya wanyama wa topeni ni ukanda mwembamba tu wa ukingoni. Na ukanda huo ndio unaopatwa na taka za mji. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma ukaingia ziwani. Pale ulipoingia, mchanga ulifunikwa kwa mawe, na waliokuwamo wakafa.

MASWALI
1. Kwa nini mchanga wa Goma ni mweusi?
2. Minyoo ya topeni hula nini?
3. Mbona kilindini hamna wanyama?