Usishike Dipoziti Kabla ya Kushika Kadi: Kuprinti Kadi za Mapambo kwa Leza ya Nyumbani

Huenda wewe ni mmoja wa wale walioanzisha biashara sebuleni: laptopu moja, printa ndogo ya leza, na namba ya till imebandikwa mlangoni. Macalder na vijiji vya karibu kazi ya kadi haikosi. Kuna harusi, kuna harambee, kuna vyeti vya kanisa, na kuna programu za mazishi.

Sasa mteja anaingia na bahasha ya kadi alizonunua Migori mjini, au alizotumiwa kwa basi kutoka Nairobi. Zinang'aa, zina maua ya rangi ya dhahabu na vumbi la kumetameta. Anataka 150 kufikia Ijumaa. Simu iko mkononi tayari: "Nikutumie ngapi?" Usiitaje till bado. Omba kadi moja uishike.

Kwa nini? Leza haitumii wino wa maji. Inapanga unga wa tona juu ya karatasi, halafu karatasi inapita kati ya roli zenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi ili unga uyeyuke na kushika. Joto hilo halichagui. Likikuta gundi ya vumbi la kumetameta, foili ya plastiki au utepe, vinayeyuka pia na kuganda kwenye roli. Kuanzia hapo kila karatasi inatoka na doa mahali palepale, na fundi akikutajia bei ya kubadilisha sehemu hiyo, unaweza kukuta inakaribia bei ya printa nyingine iliyotumika. Faida ya kadi 150 haitoshi.

Kwa hivyo, kwaruza kadi kwa ukucha. Kitu kikibanduka, hiyo haiingii ndani ya leza. Ikiwa inang'aa kama picha ya studio, soma pakiti: karatasi ya picha iliyotengenezewa printa za wino ni adui mkubwa wa leza. Ukiwa bado na shaka, kata kipande, kifunike kwa karatasi ya kawaida, ukandamize pasi ya moto kwa sekunde chache. Kikinata au kikitoa harufu ya plastiki, umepata jibu kwa bei ya kipande kimoja.

Kadi za embosi haziharibu printa, lakini zinaharibu kazi. Tona haifiki vizuri ndani ya mabonde ya zile nakshi, na jina la bibi harusi linatoka na mapengo. Weka maandishi pale palipo laini. Kadi ya rangi nzito, kama maruni, ina shida nyingine: printa yako haina tona nyeupe, na maandishi meusi hapo hayasomeki.

Lakini usimrudishe mteja nyumbani. Printi maneno kwenye kadi nyepesi ya rangi ya krimu, ikate ndogo kidogo kuliko ile ya mapambo, kisha uibandike juu yake kwa selotepu ya pande mbili. Kusema kweli mara nyingi hupendeza kuliko kuprinti moja kwa moja, na unaweza kulipisha kazi ya mikono.

Gramu, lakini si za dhahabu

Macalder hakuna haja ya kumfundisha mtu gramu. Ila kwenye karatasi, gramu ni uzito wa mita moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ni gramu 80. Kadi za mwaliko huenda hadi 250 au 300. Printa nyingi ndogo za nyumbani mwisho wake ni 163, nyingine zinapita 200 kidogo. Kitabu cha printa kinasema. Ukilazimisha kadi nzito itakwama, au itatoka imejikunja kama chapati.

Ile inayokubalika ilishe moja moja kupitia tundu la mbele, na kama printa ina mlango wa nyuma, ufungue ili kadi ipite bila kupinda. Kwenye kompyuta badilisha aina ya karatasi iwe Heavy au Cardstock. Hatua hii wengi huiruka, kisha wanashangaa herufi zikifutika kwa kidole. Kadi nene inameza joto, kwa hivyo printa lazima iende polepole.

Na stima? Leza ikipasha roli inavuta umeme mwingi kwa ghafla, kwa hivyo usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Stima ikipotea kadi ikiwa ndani, zima swichi, ngoja ipoe, kisha uitoe taratibu.

Sasa taja till

Tuseme kadi ni 150 na A4 moja inatoa mbili. Hizo ni karatasi 75. Ongeza 8 za kuharibika, ziwe 83. Kwa bob 20 kila moja, ni shilingi 1,660 kabla ya tona na nauli. Ukilipisha bob 50 kwa kadi, jumla ni 7,500, na nusu yake, 3,750, inakufunika vizuri. Mteja akileta kadi zake, mwombe za ziada kabla hujaanza.

Printi sampuli moja, aikubali, kisha mwandikie ujumbe: idadi, bei, dipoziti, siku ya kuchukua. Pesa ikitumwa, usiangalie simu yake. Angalia ujumbe kwenye simu yako, na kama umetoka kwa namba ya mtu binafsi, huo si wetu. Hakikisha salio limeongezeka ndipo ufungue pakiti. Nawe ukimlipa muuzaji wa kadi aliye mbali, soma jina linalojitokeza kabla ya kukamilisha malipo.

Kwa programu za mazishi ongeza swali moja. Anayeleta picha ya marehemu mara nyingi siye anayeshika michango. Uliza mapema mweka hazina ni nani na namba yake, maana Ijumaa usiku jamaa watakuja kuchukua programu, na mwenye pesa atakuwa njiani na mwili, mahali pasipo na mtandao.