Sufuria Ilipie Kitabu: Kujiendeleza Bila Kugusa Hela ya Nyumbani



Kuna swali ambalo halipiti mwezi bila kuulizwa: "Kaka, nimeona kozi ya kujiendeleza mtandaoni, wanataka riali 50. Nilipe?" Kabla ya kujibu, mimi nami huuliza: hizo riali 50 zinatoka kwenye fungu gani? Wengi hunyamaza hapo. Nawaelewa, maana hata mimi niliwahi kunyamaza, na shahada yangu ya biashara nikiwa nayo kabatini.

Leo tutazungumza mambo matatu yanayopendwa na wengi wetu: kusoma, kupika chakula cha Kihindi, na kutaka kuwa mtu bora kuliko mwaka jana. Tutayapiga hesabu. Kalamu na karatasi karibu.

Kosa langu la riali 60

Mwaka wangu wa kwanza Muscat nilikaa Ruwi, chumba kimoja watu wanne. Mshahara ulikuwa mdogo na ndoto zilikuwa kubwa. Nikaona tangazo la kozi: ndani ya siku 30 utakuwa mtu mwingine. Bei riali 60. Nikalipa.

Nilifungua somo la kwanza na la pili. La tatu nililala katikati. Mengi yalikuwa maneno ya kutia moyo: amka mapema, jiamini, achana na watu wanaokurudisha nyuma. Hakuna hata moja lililonisaidia kufanya kitu nisichokuwa nakijua.

Tatizo ni kwamba zile riali 60 zilitoka kwenye fungu la nyumbani. Nilijiambia nitafidia mwezi unaofuata. Mdogo wangu alikuwa chuo cha ufundi, anasomea umeme. Ada ikachelewa, akarudishwa nyumbani, na muhula ukampita. Hakunilaumu. Alinipigia simu akasema, "Usijali kaka, nitasubiri." Neno hilo lilinikaa kifuani kuliko kama angenitukana.

Jirani yangu wa kitanda cha pili

Chumbani mle alikuwamo mzee mmoja wa Kerala, kusini mwa India, mtunza stoo katika kampuni ya ujenzi. Tulimwita Chettan, ambalo kwa lugha yao ya Kimalayalam ni kaka mkubwa. Yeye hakununua kozi yoyote. Kila jioni alifanya mambo matatu: alipika, aliandika matumizi ya siku kwenye daftari, na alisoma kurasa chache kabla ya kulala.

Mwanzoni nilimwona mshamba. Baadaye nikagundua kwamba mimi mhasibu sikuwa na daftari, na yeye mtunza stoo alikuwa nalo.

Alinieleza kwamba kwao kusoma si mambo ya wasomi peke yao. Alikuwapo mwalimu, P. N. Panicker, ambaye mwaka 1945 aliunganisha maktaba 47 za vijijini kuwa chama kimoja, na kikakua hadi maktaba zikaenea jimbo zima. Alifariki tarehe 19 Juni 1995, na tangu mwaka uliofuata tarehe hiyo ni Siku ya Kusoma huko Kerala. Mwaka 1991 jimbo hilo lilikuwa limeshatangazwa kuwa watu wake wote wamejua kusoma na kuandika. Na ndilo jimbo ambalo watu wake wengi mno wamekuja Ghuba kutafuta riziki, kama sisi. Kibarua akisoma gazeti wakati wa mapumziko, kwao hakuna wa kumshangaa.

Somo la kwanza: sufuria

Chettan alinifundisha mchuzi wa nyumbani kwao, unaitwa parippu. Ukitoka pwani utacheka, maana ni binamu wa choroko za nazi za bibi yako.

Chukua kikombe kimoja cha choroko zilizomenywa na kupasuliwa, zile za njano. Kwenye paketi wanaandika moong dal. Zikaange kavu dakika tatu au nne mpaka zinukie, kisha zioshe. Zichemshe kwa vikombe vitatu vya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano, mpaka ziwe laini. Saga nusu kikombe cha nazi pamoja na nusu kijiko cha bizari nyembamba, punje mbili za kitunguu saumu na pilipili mbichi. Mimina, tia chumvi, acha vichemke dakika chache. Mwisho unga: mafuta kidogo, mbegu za haradali mpaka zipasukepasuke, kitunguu kidogo, pilipili kavu mbili, na yale majani madogo mabichi yenye harufu kali yanayouzwa kwa vifungu kwenye maduka ya Wahindi. Mwagia juu ya mchuzi, funika. Kula na wali.

Kwa watu wanne wenye njaa ya kazini, fanya vikombe viwili na uzidishe na vingine vyote.

Sasa hesabu. Nambari hizi ni za mfano. Wewe weka zako. Tuseme chakula cha jioni cha mkahawani kinakugharimu baisa 900. Mkipika wanne kwa zamu, fungu lako ni baisa 350, gesi ikiwemo. Tofauti ni baisa 550 kwa jioni moja.

- Siku 26 za kazi: baisa 14,300, yaani riali 14 na baisa 300 kwa mwezi.
- Miezi 12: riali 171 na baisa 600.
- Toa sufuria na makopo ya viungo, tuseme riali 12: zinabaki riali 159 na baisa 600.

Riali ya Oman imefungwa na dola, kama dola 2.60 kwa riali moja. Kwa hiyo hizo ni karibu dola 415. Hujaongezewa mshahara, na jioni hujalala njaa. Na kwa kuwa mko wanne, wewe unapika siku moja tu kati ya nne.

Tahadhari moja: akiba hii ipo tu kama tofauti ile unaiweka pembeni. Ukipika nyumbani halafu baisa 550 ukanywea soda na kununulia bando la kuangalia video, hujaokoa kitu. Umebadilisha duka tu. Weka kopo au akaunti ya pembeni, na kila Ijumaa hamishia huko tofauti ya wiki.

"Mimi bosi ananilisha, hesabu hii inanihusu nini?"

Dada zangu wa kazi za ndani mmeniuliza hili mara nyingi, na mna haki. Kama unakula nyumbani kwa mwajiri, sufuria haikuokolei hela. Kwako wewe sufuria ni ufundi, na ufundi unaandikwa.

Nunua daftari dogo. Kila chakula unachojifunza kipe ukurasa wake: jina, vipimo, muda wa kupika, na kosa ulilofanya mara ya kwanza. Usiandike "chumvi kiasi". Andika kijiko kimoja, vijiko viwili. Anayejua vipimo anaweza kupikia watu wanne leo na watu 20 kesho, chakula kikawa kilekile.

Wala usione mapishi ya Kihindi ni mageni. Chapati, achari na masala tuliyapata kutoka huko, na hata maneno yetu ya pesa, bima na hundi, yalivuka bahari hiyohiyo. Ukijua vitumbua, dosa na idli hazitakusumbua sana: mchele na kunde nyeusi za urad vinalowekwa, vinasagwa, vinaachwa usiku kucha viumuke. Mikono yako inaijua kazi hiyo.

Mkataba ukikaribia kuisha, hesabu kurasa zako. Kusema "najua kupika" na kusema "napika vyakula hivi 15, na hivi sita ni vya Kihindi" ni vitu viwili tofauti. Zungumza nyongeza kabla ya kusaini, si baada. Siwezi kukuahidi kwamba utapewa. Ila ukikataliwa, daftari linabaki lako, na unaondoka nalo kwenda kwa mwajiri mwingine au kwenye biashara yako nyumbani.

Somo la pili: kusoma

Watu wakisikia kusoma wanafikiria kitabu kinene. Anza na karatasi ulizonazo tayari.

Soma paketi. Toor ni mbaazi, moong ni choroko, chana ni dengu, masoor ni adesi nyekundu, lobia ni kunde. Linganisha bei kwa kilo, si bei kwa paketi. Paketi ndogo inaonekana rahisi lakini mara nyingi kilo yake ni ghali zaidi.

Soma risiti ya kutuma hela. Ina nambari tatu muhimu: ada, kiwango cha kubadilishia, na kiasi atakachopokea mtu wa nyumbani. Tangazo la "ada bure" lisikulevye, maana faida yao inaweza kuwa imefichwa kwenye kiwango. Uliza maduka mawili swali moja: nikikupa riali 50 mkononi, mama atapokea shilingi ngapi? Anayetoa jibu kubwa ndiye wa bei nafuu.

Soma mkataba: mshahara, siku ya mapumziko, muda, nani analipa tiketi ya kurudi. Kama lugha inakushinda, mtafute mtu unayemwamini akusomee sentensi moja moja, na uandike kwa Kiswahili alichokueleza.

Baada ya hapo ndipo kitabu. Kurasa tano kwa usiku ni kurasa 150 kwa mwezi, yaani kitabu kizima cha kawaida. Vya Kiswahili ni vigumu kupatikana huku, kwa hiyo mwenzio akienda likizo, mwagize kimoja pamoja na ule unga wa muhogo. Mkishasoma, badilishaneni. Vitabu vinne chumbani kwa watu wanne ni maktaba tayari.

Somo la tatu: kipimo cha kujiendeleza

Sisi wahasibu tunatenganisha matumizi na mali. Matumizi ni hela inayotoka na habari yake ikaishia hapo. Mali ni kitu unachokilipia leo kikaendelea kukupa manufaa kesho. Kozi inaweza kuwa mojawapo, na ninayeamua ni mimi ninayeitumia, si anayeiuza.

Kabla ya kulipa, jibu maswali haya kwa maandishi:

1. Ndani ya siku 90 nitakitumia wapi nitakachojifunza? Taja mahali, usiseme "maishani".
2. Ni gharama gani itapungua, au ni nani atanilipa zaidi?
3. Je, nimeshafanya kitu hiki bure kwa siku 30? Kama unataka kozi ya upishi na hujapika siku 30, au ya Kiingereza na hujaandika hata maneno matano kwa siku, bado hujafika dukani.
4. Hela inatoka kwenye fungu gani?

La nne ndilo lenye uzito. Kanuni yangu tangu ule mwaka ni hii: hela ya kujiendeleza itoke kwenye nilichookoa kwa mikono yangu, isitoke kwenye fungu la nyumbani. Kwa mfano wetu wa riali 14 na baisa 300, mimi ningegawa hivi: riali 10 akiba ya dharura, riali 3 za kuongezea nyumbani, na riali 1 na baisa 300 za kitabu, daftari au kozi. Utasema ni kidogo. Kwa mwaka ni riali 15 na baisa 600, na ukizipoteza kwenye kozi mbovu, hakuna mtoto atakayerudishwa shule.

Zoezi la wiki hii

- Siku saba, andika kila unachotumia kwenye chakula, hata chai ya baisa 100. Kama unalishwa, andika vyakula viwili vipya kwa vipimo.
- Pika parippu mara moja. Gawa gharama yote kwa idadi ya walaji.
- Soma risiti yako ya mwisho ya kutuma hela, na uandike zile nambari tatu.
- Soma kurasa tano kila usiku. Ukisinzia, tatu.
- Jumapili mwonyeshe mtu mmoja daftari lako. Aibu ndogo ya kuonyesha husaidia kuliko tangazo lolote.

Mdogo wangu alirudi chuoni mwaka uliofuata na akamaliza, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Siku hizi anafunga nyaya majumbani na anajitegemea. Mwaka ule mmoja sikuwahi kumlipa, na sijui ningeulipaje. Ninachoweza ni kukuomba wewe usimkope mtu wako kama nilivyomkopa mimi, bila kumwomba ruhusa.

Chettan alishastaafu, yuko kwao Kerala. Aliniachia sufuria yake. Mpini mmoja umelegea, lakini jana usiku ilipika.

Mkifanya zoezi, nileteeni hesabu zenu tuzipitie pamoja. Kazi njema, na salamu kwa wa nyumbani.