Mwalimu akikwama, tuchunguze somo kwanza

Katika ukurasa huu tunataka kujifunza pamoja jambo linalowahusu walimu, wazazi na viongozi wa wakimbizi wa ndani: jinsi ya kujaribisha masomo ya walimu yanayotolewa kwa njia ya intaneti, kabla hayajagawiwa kwa watu wote.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwezi wa pili 2025, kambi nyingi zilizouzunguka mji wa Goma zilivunjwa. Wengine walirudi vijijini, wengine walipokelewa na familia za jamaa na marafiki, wengine walihama tena. Walimu nao walitawanyika. Kuwakusanya walimu 50 katika ukumbi mmoja kwa siku tano, kama tulivyozoea, kumekuwa kugumu. Kwa hiyo wazo la kumfikishia mwalimu mafunzo ndani ya simu yake ni wazo zuri.

Lakini masomo ya namna hiyo mara nyingi hutengenezwa mbali, na watu wenye kompyuta kubwa, ambao umeme wao haukatiki na mega hawazihesabu. Mwalimu wetu anayafungua jioni, kwenye simu ndogo ambayo kioo chake kimepasuka na chaji inakaribia kwisha. Akishindwa kufika mwisho, ripoti inaandika kwamba ameacha masomo. Haiandiki kwamba ukurasa wa nne ulikataa kufunguka. Hapo mwalimu anaweza kukosa cheti, na akikosa cheti anaweza kukosa kazi. Mahali ambapo watu wanahesabiana nani amepata na nani amekosa, jambo hilo huzaa manung'uniko kati ya wenyeji na wakimbizi, hata kati ya jamaa na jamaa.

Kujaribisha ni nini?

Fundi wa nguo humwita mwenye suti aivae kabla ya kushona mshono wa mwisho. Suti ikimbana mabegani, hakuna anayesema mabega ndiyo yenye kosa. Fundi anafumua na kurekebisha. Kujaribisha somo la intaneti ni kazi ya namna hiyo.

Kanuni ya kimataifa inayoitwa ISO 9241-11, iliyotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, inatufundisha kuangalia mambo matatu: Je, mtu anafikia lengo alilolitaka? Anatumia muda na nguvu kiasi gani? Anaridhika na kazi hiyo? Tunaona kwamba hakuna swali linalouliza kama mtu ana akili. Anayepimwa ni somo, si mwalimu.

Watu wangapi wanatosha?

Wengi wanafikiri kwamba kazi hii inataka mamia ya watu na pesa nyingi. Sivyo. Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu 5 wanaweza kuonyesha karibu asilimia 85 ya matatizo ya ukurasa wa intaneti, kwa sababu wengi hukwama mahali pale pale. Alishauri kwamba mwenye uwezo wa kuwaita watu 15 asiwaite wote mara moja. Aite 5, arekebishe, aite 5 wengine, arekebishe tena, kisha 5 wa mwisho. Lakini kama watumiaji ni wa makundi yanayotofautiana sana, achukue watu 3 au 4 katika kila kundi.

Kwetu neno hilo la makundi ni zito. Tukiwachagua walimu 5 vijana wa mjini wenye simu mpya, tutaambiwa kwamba somo ni rahisi, na tutakuwa tumedanganyika. Tuchague wanawake na wanaume, wazee na vijana, wenyeji na wakimbizi, mwenye simu nzuri na anayeazima simu ya mtoto wake. Viongozi watangaze mbele ya watu wote jinsi wajaribishaji watakavyochaguliwa, na pia malipo ya mega na ya safari, ili pasiwepo maneno ya kwamba fulani amewaita ndugu zake.

Hatua za kufuata

1. Tayarisha kazi 4 au 5 za kweli. Kwa mfano: ingia katika somo kwa namba yako, tafuta sehemu inayofundisha jinsi ya kumsaidia mtoto aliyeona vita, jibu maswali matatu, toka, kisha urudi pale ulipoachia. Usimwambie mtu abonyeze wapi. Mwambie tu anachotakiwa kukipata.

2. Mpokee mwalimu kwa heshima na kumweleza: "Mwalimu, leo hatukupimi wewe. Tunalipima somo. Ukikwama, umetusaidia. Ukichoka, una haki ya kuacha."

3. Tumia simu yake mwenyewe, mahali anaposomea kila siku. Somo linalokwenda vizuri kwenye waifai ya ofisi linaweza kufa kabisa nyumbani kwake.

4. Mwombe aseme kwa sauti anachofikiri anapofanya kazi: "Natafuta mahali pa kuendelea... sioni... labda ni hapa." Asiachwe kulazimika kusema Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, na mtu akitumia lugha yake hafichi mawazo.

5. Nyamaza. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Mkono unawasha kutaka kumwonyesha. Lakini ukimsaidia, umelificha tatizo, na mwalimu aliye peke yake kule Minova au Masisi hatakuwa na mtu wa kumwonyesha. Akiuliza, mjibu kwa upole: "Ungekuwa peke yako, ungefanya nini?"

6. Mtu wa pili aandike: alikwama wapi, alisema nini, alitumia dakika ngapi, mega ngapi zilikwenda.

Mambo ya kuangalia

Maneno. Mwalimu anayejua vizuri kufundisha sehemu na desimali anaweza kukwama mbele ya neno "moduli" au alama ya mistari mitatu ambayo hakuna aliyemweleza maana yake.

Uzito. Somo lenye video 8, kila moja ya megabaiti 100, linataka megabaiti 800. Mwalimu asiyelipwa kwa wakati atazipata wapi? Maelezo ya sauti peke yake ya dakika 10 yanaweza kuenea katika megabaiti 5 hivi. Iko pia programu ya bure inayoitwa Kolibri: masomo huwekwa katika kompyuta moja shuleni, na simu za walimu huyapokea karibu na kompyuta hiyo bila intaneti.

Usalama. Fomu ya kujiandikisha inayouliza kabila, kijiji cha asili au picha ya uso inaweza kumtia mtu hofu, na hofu hiyo ina sababu. Mwalimu akisita mbele ya swali, andika. Kisha uliza waliotengeneza: jibu hili ni la kazi gani, na nani atalisoma? Wakikosa jibu, swali liondolewe. Katika ripoti yetu pia tusiandike majina. "Mwalimu wa kwanza" na "mwalimu wa pili" yanatosha.

Baada ya kujaribisha

Tuseme walimu 4 kati ya 5 walipoteza majibu yao umeme ulipokatika. Hilo ni la kwanza kurekebishwa, maana linamfungia mtu njia. Kama mmoja hakupenda rangi ya ukurasa, hilo linaweza kungoja. Panga matatizo kwa uzito: yanayomzuia mtu kabisa, yanayomchelewesha, yanayomchukiza tu.

Kisha rudisheni habari kwa walimu waliojaribisha: haya tuliyasikia, haya yamebadilishwa, haya hayakuwezekana na sababu ni hizi. Mtu aliyetoa saa yake mbili na asisikie kitu tena, safari ijayo hatakuja.

Viongozi wafanye nini?

Kanuni za INEE kuhusu elimu katika hali ya dharura, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, zinataka jamii ishiriki katika mipango ya elimu, na mafunzo ya walimu yafuatane na mahitaji na hali yao. Kwa hiyo shirika linapoleta somo la intaneti, kiongozi, direkta wa shule au kamati ya wazazi wana haki ya kuuliza bila woga: Ni walimu gani walilijaribisha? Walikuwa na simu gani? Mlibadilisha nini baada ya kuwasikia? Kuuliza hivyo si kukataa msaada. Ni kuulinda, ili ufike kwa mwalimu, na kutoka kwa mwalimu ufike kwa mtoto.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, ni walimu gani ambao wangesahauliwa tukichagua watu 5 leo?
2. Mwalimu asipomaliza somo, sisi huwa tunasema nini juu yake? Tumewahi kumuuliza alikwama wapi?
3. Ni maswali gani katika fomu yanayotutia hofu, na nani anaweza kuyapeleka kwa shirika?
4. Nani kati yetu anaweza kukaa kimya na kuangalia saa nzima bila kuingilia?