Pikipiki inawaka kisha inazima

SWALI: Fundi, pikipiki yangu ilikaa ndani masika yote hapa Ibighi. Sasa inawaka nikivuta choki. Nikiirudisha tu, inazima. Nimebadilisha plagi bila mafanikio. Tatizo ni nini?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Dalili hiyo inaelekeza kwenye kabureta. Petroli ikikaa muda mrefu huacha utando wa gundi unaoziba jeti ndogo, ile inayolisha injini inapounguruma bila wewe kuvuta mafuta. Aidha, unyevu wa huko kwenu Rungwe huingiza maji kwenye tenki.

Funga koki, legeza skrubu iliyo chini ya kabureta, kinga mafuta kwenye chupa angavu. Maji yakiwemo yatatulia chini ya petroli. Mwaga pia mafuta ya tenki, weka mapya.

Ikiendelea kuzima, fungua kabureta, toa jeti ndogo, uimulike juani: usipoona mwanga tunduni, imeziba. Isafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usiichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka, pikipiki itakula mafuta.

Siku nyingine, kabla ya kuihifadhi, funga koki na uiache iungurume hadi izime yenyewe.