Kabla Hujaingia Jehanamu, Pima Kinga Yako

Somo letu la leo linahusu kufa. Usishtuke, ni kufa ndani ya gemu.

Wengi wenu mnapenda michezo ya kompyuta ya kumkuza mhusika. Unaanza na fimbo na nguo kuukuu, unapigana, unapata uzoefu, unapanda, unaokota silaha bora. Safari ya kwanza inakwenda vizuri tu. Ukiimaliza, gemu inakukaribisha uirudie safari ile ile kwa ugumu zaidi. Unasema, "Mimi tena? Twende!" Dakika mbili baadaye umelala chini. Unajaribu tena, chini. Mara ya tano umekasirika, unamfokea mdogo wako asiye na kosa, na saa ya ukutani inasema ni saa saba usiku. Kesho asubuhi kuna jaribio la hesabu.

Je, kwa nini mchezaji aliyeshinda kote jana anakufa ovyo leo? Wengi hujibu, "Mikono yangu mizito." Mara nyingi si kweli. Kinachomuua ni kuingia bila kujipima, na kukataa kutoka mapema. Hebu tujifunze kwa mfano mmoja.

Mfano wetu: Diablo II

Gemu hii ilitolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2000. Mwaka 2001 ikaongezwa sehemu iitwayo Lord of Destruction, na mwaka 2021 ikatoka upya kwa picha safi kwa jina la Diablo II: Resurrected. Tahadhari: ina damu na mashetani, na Marekani imepewa alama ya umri wa miaka 17 na kuendelea. Kama hujafika umri huo, gemu yenyewe isubiri. Kanuni zake, hata hivyo, zinafaa katika michezo mingi ya aina hii.

Diablo II ina ngazi tatu za ugumu. Kwenye kioo utaona Normal, Nightmare na Hell. Sisi tuziite Kawaida, Jinamizi na Jehanamu. Ramani na hadithi ni zile zile, ila kila unapopanda, maadui wanakuwa na uhai mwingi zaidi na wanapiga kwa nguvu zaidi. Hayo kila mtu anayaona. Kuna jambo jingine linalotokea kimyakimya, na ndilo linalowamaliza watu.

1. Kinga kwanza: hesabu yake

Maadui wengi hawapigi kwa panga peke yake. Wanapiga pia kwa moto, barafu, radi na sumu. Mhusika wako ana kinga dhidi ya kila kimoja, inayoandikwa kwa asilimia. Kinga ya 50 maana yake nusu ya pigo haikufikii. Dari ya kawaida ni 75.

Sasa sikiliza vizuri. Ukiingia Jinamizi, gemu inakukata 40 kutoka kila kinga. Ukiingia Jehanamu, makato yanakuwa 100. Hukuvua nguo, hukupoteza ngao, lakini kinga imeporomoka. Kama vifaa vyako havikupi kinga yoyote, utasimama Jehanamu ukiwa na kinga ya 100 chini ya sifuri. Hapo pigo linaongezeka mara mbili.

Tuchukue radi yenye nguvu ya 100:
- Mwenye kinga 75 anaumia 25.
- Mwenye kinga 50 anaumia 50.
- Mwenye kinga 0 anaumia 100.
- Mwenye kinga 100 chini ya sifuri anaumia 200.

Umeona? Kati ya wa kwanza na wa mwisho, tofauti ni mara nane. Radi ni ile ile, mikono ni ile ile. Angalia pia kwamba kushuka kutoka 75 hadi 50, jambo linaloonekana dogo, kunakufanya uumie maradufu. Kwa hiyo zile alama 25 za mwisho ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote.

Utazipata wapi? Kwanza, katika sura ya tano kuna kazi ya kumwokoa Anya aliyefungiwa ndani ya barafu. Ukiimaliza, mganga Malah anakupa hati. Ukiisoma, kinga zako zote zinapanda kwa 10 daima. Kazi hii inapatikana mara moja katika kila ngazi, yaani jumla 30. Wengi wanairuka kwa haraka zao.

Pili, katika sura hiyo hiyo ukiwaokoa askari waliotekwa mlimani, unapewa mawe matatu ya maandishi: Ral, Ort na Tal. Usiyauze! Tafuta ngao ya kawaida yenye matundu matatu, uyapachike kwa mpangilio huo huo: Ral, Ort, Tal. Itageuka kuwa ngao iitwayo Ancient's Pledge. Inakupa kinga 48 dhidi ya moto, radi na sumu, na 43 dhidi ya barafu. Ngao hii haina sifa ya kutisha na haing'ai, lakini imeokoa roho nyingi.

Kumbuka: kinga ni kama chanjo. Hutafutwa kabla ya ugonjwa kufika mlangoni.

2. Usitegemee silaha moja

Katika ngazi ya Kawaida unaweza kuchoma kila kitu kwa moto ukacheka. Jehanamu kuna maadui wengi wasiodhurika kabisa na aina fulani ya pigo. Mwingine moto haumgusi, mwingine barafu, mwingine hata upanga. Mtu wa silaha moja anabaki kuzunguka uwanja akifukuzwa.

Dawa yake ni kuwa na aina mbili za pigo, au kuwa na mwenzako. Katika mji wa sura ya pili, Lut Gholein, kuna askari wa kukodi wenye mikuki. Ukimkodi ukiwa ngazi ya Jinamizi, unaweza kumpata mwenye nguvu ya Holy Freeze, inayopunguza mwendo wa maadui wanaomkaribia. Wewe unapiga moto, yeye anachoma mkuki. Mvalishe vizuri na yeye. Wachezaji wengi wanajipamba wenyewe na kumwacha askari na kofia ya mwanzo, halafu wanalalamika kwamba anakufa kila saa.

3. Mjue adui, ujue na pa kutokea

Shujaa wa sinema huvunja mlango na kuingia katikati ya ukumbi. Jehanamu, huyo ni marehemu. Ingia taratibu, ona waliopo, rudi nyuma hatua chache, wavute wachache wachache mpaka mlangoni ambako hawawezi kukuzingira.

Hawa hapa wachache wa kuwafahamu:
- Andariel, wa mwisho katika sura ya kwanza, anapiga kwa sumu. Sumu inaendelea kula uhai hata baada ya kumkimbia. Yeye mwenyewe anaumizwa sana na moto.
- Duriel, wa sura ya pili, anakusubiri katika chumba kidogo na anapunguza mwendo wako. Pa kukimbilia hakuna, kwa hiyo maandalizi yote yafanyike nje.
- Gloam ni roho zinazoelea. Zinapiga radi kutoka mbali, hata kabla hujaziona kwenye kioo. Hapa ndipo kinga ya radi inapoamua kama utaishi.
- Vikaragosi vidogo viitwavyo Undead Stygian Doll hulipuka vinapokufa. Viue ukiwa mbali.

Kabla ya pambano kubwa, tumia hati ya Town Portal ufungue ule mlango wa buluu wa kurudi mjini. Ufungue kabla, siyo wakati umeshaumia. Anayetafuta mlango nyumba ikiwa inawaka amechelewa.

Na mkanda wako je? Mkanda mkubwa unabeba chupa 16 za dawa. Chupa nyekundu zinarudisha uhai polepole, nazo Jehanamu hazikusubiri. Chupa kubwa ya zambarau inajaza uhai wote papo hapo. Weka safu nzima ya hizo. Ukiwa na Horadric Cube, weka ndani chupa ndogo tatu za zambarau, utapata kubwa moja.

4. Ukifa, usikimbilie maiti

Ukifa Jinamizi unapoteza uzoefu wa asilimia 5 ya ngazi uliyopo, na Jehanamu asilimia 10. Vifaa ulivyovaa vinabaki kwenye maiti. Ukiifikia maiti yako, unarudishiwa robo tatu ya uzoefu uliopoteza.

Hapa ndipo hasira inapoharibu kazi. Mtu anarudi mbio bila ngao, bila kofia, kwa maadui wale wale waliomuua akiwa amevaa kila kitu. Anakufa tena, na tena. Tulia. Kama maiti imezingirwa, tumia Save and Exit Game kisha uingie upya. Utaikuta maiti yako mjini na vifaa vyako vyote. Safari utaianza mwanzo, sawa, lakini utaianza ukiwa umevaa.

Kisha jiulize maswali matatu: Nimepigwa na nini? Kinga yangu dhidi ya hicho ilikuwa ngapi? Nilikuwa na nafasi gani ya kutoka ambayo sikuitumia? Ukijibu matatu haya, kifo hicho kimekufundisha. Usipoyajibu, kimekupotezea muda tu.

Wapo pia wanaocheza hali ya Hardcore. Huko ukifa mara moja, mhusika yule hachezeki tena, hata kama umemjenga kwa miezi sita. Wanaodumu huko si wale wasioogopa. Ni wale wanaojua kuondoka mapema bila kuona haya.

5. Yupo mwingine wa kulinda: wewe

Tumeongea sana juu ya mwili ulio kwenye kioo. Mwili ulio kwenye kiti nao unapigwa. Ukikosa usingizi, macho yanachelewa kuona, vidole vinachelewa kujibu, na uamuzi unakuwa wa hovyo. Yule aliyekufa mara tano saa saba usiku hakuwa amepungukiwa ngao peke yake.

Chama cha wataalamu wa usingizi cha American Academy of Sleep Medicine kinashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kila siku. Tukikodolea kioo tunapepesa macho mara chache, ndiyo maana yanakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Simama, nyoosha mgongo na viganja, kunywa maji.

Jiwekee na sheria hii: vifo vitatu mahali pamoja, inuka. Si adhabu. Ni ule ule mlango wa buluu, ila huu unakupeleka jikoni ukanywe chai.

Kucheza gemu si ugonjwa, na anayekwambia hivyo anakuonea. Lakini Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata unapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Ukijiona humo, au ukimwona rafiki yako, ongea na mtu mzima unayemwamini au mhudumu wa afya. Hakuna aibu.

Jipime

Vifaa vyako vinakupa kinga ya radi 110. Umemwokoa Anya mara mbili. Ngao yako ya sasa haina kinga yoyote. Umeingia Jehanamu, radi ya 100 inakupiga.
(a) Utaumia kiasi gani?
(b) Ukibadilisha ngao ukavaa Ancient's Pledge, utaumia kiasi gani?

Majibu: (a) 110 jumlisha 20 ni 130, toa 100, inabaki 30. Utaumia 70. (b) 30 jumlisha 48 ni 78, lakini dari ni 75. Utaumia 25.

Zungumzeni darasani au kwenye klabu yenu: Ni mambo gani mengine maishani yanayokata kinga yetu kimyakimya tunapopanda ngazi, kwa mfano kutoka nyumbani kwenda bweni? Tunaweza kujiandaa vipi kabla hatujaingia?

Ukiwa na jaribio kesho, lala kwanza. Jehanamu haihami, utaikuta pale pale Jumamosi.